"Hakuna, Fundi"

Saa 11 jioni, gereji moja Ngamiani, mjini Tanga. Kijana wa miaka 19 hivi anatoka uvunguni mwa gari, mikono imelowa oili mpaka viwikoni. Amemaliza kubadilisha oili na filta. Fundi mkuu yuko mlangoni anahesabiana fedha na mteja. Anauliza bila kugeuka:

"Kuna tatizo?"

"Hakuna, fundi."

Gari likaondoka. Asubuhi yake likarudi likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limelala Chumbageni, na oili yake yote imelala juu ya saruji ya mwenye gari. Walipoingia chini wakakuta bolti ya kumwagia oili imezungushiwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko sita au saba. Chini ya tepu, uzi wa sampu, ile mitaro inayoshika bolti kwenye chombo cha oili chini ya injini, umekufa.

Kwa hiyo kijana alijua. Alipokuwa anakaza alisikia ile hali ambayo kila aliyeshika spana anaifahamu: bolti inakaza, inakaza, halafu ghafla inakuwa laini mkononi. Akatafuta tepu. Akafunga. Akafuta kwa tambara, akatoka, akasema hakuna.

Neno hilo limenikaa kichwani wiki tatu.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni la mkono, na sababu zake zinajulikana. Sampu ya aluminiamu ni laini. Ukianza bolti kwa spana badala ya vidole, ikaingia upande, inakata njia yake yenyewe. Ukikazia kwa mpini mrefu ukidhani unaongeza usalama, unang'oa uzi. Dawa yake nayo ni nyepesi: unachonga uzi mpya, unaweka bolti nene kidogo, na ukipenda kazi nzuri zaidi unapandikiza uzi wa chuma ndani ya tundu. Mteja angeambiwa gari lilale hapo, basi.

Kosa la pili ni ule ukimya, na ndilo lililokaribia kuua injini. Gari lile lilikuwa na safari ya Lushoto. Lingeishiwa oili likiwa kwenye kupanda, taa nyekundu ingewaka dereva akiwa anaangalia kona, na injini ingenoki kabla hajapata pa kusimama.

Wote waliosema asubuhi ile walisemea la kwanza. La pili waliliita uongo, kisha wakaliacha hapo, kana kwamba uongo huota wenyewe kama magugu.

Mzee mmoja aliyekuja kuchukua gari lake akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kweli kabisa. Ila methali hiyo siku zote anapigwa nayo mgonjwa. Sijasikia hata mara moja ikisemwa kwa tabibu ambaye wagonjwa wake wanamficha.

Fundi si mkali

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kwamba fundi mkuu ni mkali, vijana wanamwogopa. Lakini fundi yule ni mpole. Ukifika anakuamkia kwa urefu wa Kitanga, na haachi mpaka ameuliza mpaka kuku. Vijana wake wanakula mchana kwa fedha yake. Anakwenda kwenye misiba yao na anakaa mpaka watu wanatawanyika.

Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Angekuwa mkatili, somo lingekuwa fupi: acha ukatili. Lakini huyu anapendwa, na bado hakuambiwa.

Nimezungushwa na hilo kwa muda mrefu, mpaka nikaona kwamba kupendwa na kuambiwa ni vitu viwili. Unaweza kumpenda mtu kiasi kwamba huwezi kumpelekea habari mbaya, hasa ukiwa mdogo wake, hasa ukiwa umekula chakula chake mchana huohuo. Kipimo cha ukaribu wa kiongozi na watu wake si namna wanavyocheka naye. Ni muda unaopita tangu jambo liharibike mpaka yeye aliposikia, na kinywa kilichomwambia.

Pale gerejini ulipita usiku mzima, na aliyesema ilikuwa saruji ya Chumbageni.

Marubani walilipa bei kubwa kulijua hili

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia. Kulikuwa na ukungu. Rubani mkuu wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, mtu wa heshima aliyekuwa akifundisha marubani wenzake, alianza kuruka kabla ndege ya pili, ya Pan Am ya Marekani, haijatoka njiani. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile nyingine imeshaondoka. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Mhandisi hakuuliza tena. Walikufa watu 583.

Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, sekta ya anga ilianza kuwafundisha marubani wakuu namna ya kuuliza wadogo wao, na wadogo namna ya kusema mara ya pili. Hilo la mara ya pili ndilo zito. Mdogo huwa anasema mara moja, kwa sauti ndogo, kwa mfano wa swali. Ukilikosa hapo, hulipati tena.

Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi katika hospitali za Marekani. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Hesabu zikatoka kinyume: timu nzuri ziliandika makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba hazikosei zaidi, ila makosa yao yanatoka hadharani. Kwa hiyo kiongozi anayejisifu kwamba kwake "hakuna matatizo" aanze kuhofu.

Swali lenye jibu moja

"Kuna tatizo?" ikiulizwa mbele ya mteja, na mgongo ukiwa umegeuzwa, ina jibu moja tu. Kijana akisema "lipo" amemwaibisha fundi, amejiaibisha mwenyewe na amemchelewesha mteja, yote kwa neno moja. Nani angelisema?

Yapo maswali yanayokubali tangu mwanzo kwamba kazi ina taabu zake:

"Kipi kimekusumbua kwenye hili?"

"Bolti ipi una wasiwasi nayo?"

"Ungepewa nusu saa nyingine, ungerudia wapi?"

Yaulizwe pembeni ya gari, kabla mteja hajaitwa, macho yakiwa kwenye kazi yenyewe. Na "nionyeshe" inafaa kuliko "niambie", kwa sababu kidole hakidanganyi kirahisi kama ulimi. Kijana akielekeza kidole kwenye sampu, hata akinyamaza, mkono wake utasita hapo.

Halafu lugha yetu yenyewe ina mitego. "Mbona umefanya hivi?" ni lawama tupu. "Kwa nini?" mdomoni mwa mkubwa ni karibu na mashtaka, na anayeulizwa huanza kujitetea badala ya kukumbuka. "Ilikuwaje?" ni mlango. Anayeulizwa ilikuwaje husimulia, na katika kusimulia anasema mambo ambayo hata yeye hakujua kwamba ni muhimu: kwamba spana ya kawaida haikuonekana akachukua yenye mpini mrefu, kwamba aliharakishwa. Hapo unapata chanzo. Ukiuliza kwa nini, unapata "samahani, fundi", na samahani haikufundishi chochote.

Sekunde tatu

Habari mbaya inapofika, watu hawasikii maneno yako ya kwanza. Wanaangalia uso. Sekunde tatu za mwanzo ndizo zinazoamua kama utaletewa nyingine mwezi ujao.

Kuna mpangilio unaosaidia, na ni wa kufanyia mazoezi kabla ya siku yenyewe. Acha ulichoshika mkononi, simu, kalamu, spana. Sema, "Umefanya vizuri kuniambia." Uliza gari liko wapi sasa na kama kuna mtu hatarini. Uliza ilikuwaje. Suala la nani alikosa liache mpaka kitu kiwe salama, na mara nyingi utakuta limeshajibiwa.

Kinachoharibu hapa ni kuguna. Fundi hajatukana, hajapaza sauti, amevuta pumzi tu na kuguna "mh". Kwetu pwani mguno mmoja unabeba hotuba nzima, na vijana wote sita waliopo wameusikia. Wataukumbuka.

Na kama umekasirika kweli? Basi usijifanye umetulia, kwa sababu wataona mshipa wa shingo. Sema, "Nimekasirika, na nimekasirishwa na hasara, siyo na wewe kuniambia. Nipe dakika tano." Kisha nenda kweli, na urudi kweli baada ya dakika tano.

Kuwa mkweli si kujimwaga

Mwaka 1957 mwanasaikolojia Carl Rogers wa Marekani aliandika kuhusu masharti ya mtu kumsaidia mwingine abadilike. Sharti mojawapo ni kwamba anayesaidia awe yeye mwenyewe, kinachoonekana nje kifanane na kilichomo ndani. Akaongeza jambo linalotia moyo: si lazima awe hivyo katika kila upande wa maisha yake. Inatosha awe hivyo katika saa hiyo, na mtu huyo.

Nalipenda sharti hilo kwa sababu linazuia upotovu wa aina mbili ninaouona kila mahali. Wa kwanza ni wa kiongozi anayesema "mimi ndivyo nilivyo, sifichi kitu", kisha anatumia ukweli kama rungu. Wa pili ni wa yule aliyetoka kwenye semina Dar na maneno mapya. Jumatatu anawaita watu "familia yangu", anawapigia makofi, anauliza ndoto zao. Kufikia Jumatano wameshamwigiza nyuma ya ukuta.

Kusema kosa lako mbele ya unaowaongoza ni dawa kubwa, ila lina vipimo. Sehemu tatu zinatosha: nilifanya nini, kiligharimu nini, nimebadilisha nini. "Mwaka wangu wa pili nilikaza bolti ya sampu mpaka ikafa. Tulimlipa mwenye gari sampu nzima. Tangu siku hiyo naianza kwa vidole, mizunguko mitatu, ndipo nashika spana." Inachukua nusu dakika. Ukirefusha mpaka kijana aanze kukuliwaza, umemgeuzia mzigo wako. Ukitaja kosa dogo la kujipamba, eti "kosa langu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi", bora ungenyamaza.

Nzuri, nzuri, nzuri

Sisi watu wa pwani tuna mali ambayo wengine wanakwenda kuinunua kozini: salamu. Tanga huwezi kumwingia mtu na shida yako bila kupita kwenye habari za kuamka, za nyumbani, za watoto. Mdogo atasema shikamoo, ataitikiwa marahaba, na tayari kuna uzi kati yao.

Lakini salamu hiyohiyo ina ukuta. Jibu lake ni "nzuri". Mtu ana mgonjwa hospitali ya Bombo, anasema nzuri. Hajala tangu jana, nzuri. Ndiyo adabu yetu, na sina ugomvi nayo. Anayetaka kufika ng'ambo ya ukuta anahitaji swali la pili, lenye kitu mahususi ndani yake: "Yule mdogo wako aliyekuwa na homa Jumamosi, ameamkaje?" Swali hilo huwezi kuliuliza kama hukusikia mara ya kwanza.

Kama una watu zaidi ya wanane, kichwa hakitoshi. Weka daftari dogo, mstari mmoja kwa kila mtu, andika baada ya mtu kuondoka, siyo mbele yake. Wapo watakaosema huo ni ujanja, mapenzi ya daftari. Nimelipima hilo, na naona kinachotofautisha ni jambo moja: una nafasi ya kusikia jibu? Kama una haraka, salimia tu upite. Kumwuliza mtu habari ya mgonjwa wake huku unatembea ni kumfundisha kwamba maswali yako ni mapambo.

Na usiahidi. Akikwambia kodi ya chumba imemshinda, hukuajiriwa kuwa benki. Ukisema "nitaona", ataona kila asubuhi kwamba hukuona.

Dakika 20

Maongezi ya kumnoa mtu hayahitaji ofisi. Dakika 20 kwa wiki kwa kila mtu, siku ileile, zinatosha. Kaeni ubavu kwa ubavu kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi, mnaangalia kitu kimoja. Kukabiliana uso kwa uso kunafanana na polisi. Kama kiongozi ni mwanamume na anayeongozwa ni mwanamke, au kinyume chake, kaeni barazani mnapoonekana na wote lakini hamsikiki. Hapo heshima ya kila mmoja imelindwa, na watu hawana cha kubuni.

Anza na jambo lake: "Leo tuanze na nini?" Akisema "sina", nyamaza. Hesabu moyoni hadi 10. Wengi wetu tunavunjika tukifika 4, tunajaza kimya kwa mawaidha, na mawaidha yakishaanza ndiyo yameua kikao. Ukijikuta umesema zaidi ya theluthi ya muda, umehutubia. Mwishoni kiwepo kitu kimoja kidogo chenye siku: "Alhamisi ubadilishe oili ya ile pikapu, mimi nitakaa pembeni."

Kisha Alhamisi ukae pembeni kweli, mikono nyuma. Akikosea njia ya spana, subiri. Unauliza, "Vidole vinakwambia nini?" Akihisi bolti inagoma kwenye mzunguko wa kwanza, arudishe nyuma kidogo mpaka asikie mlio mdogo wa uzi kukutana na uzi, ndipo asonge mbele. Huwezi kumpa mtu hisia hiyo kwa maneno. Unaweza tu kuwepo anapoipata.

Vinavyoua dakika 20 navijua vinne: kuziahirisha mara mbili mfululizo, kuzigeuza ukaguzi wa kazi, kuziitisha pale tu mtu anapokosea, na kutoa siri. La siri ndilo la mwisho wa mwisho. Alichokuambia asubuhi kikisikika kijiweni baada ya alasiri, huna cha kufanya isipokuwa kuomba radhi na kuanza upya kwa mwaka mzima.

Fedha ya hasara

Nilidhani mambo yanaishia kwenye maneno na nyuso, mpaka nilipoona kwamba pale gerejini, kama gereji nyingi, anayeharibu hukatwa. Kijana analipwa posho ya siku, na sampu akikatwa ni wiki kadhaa za posho. Tepu ya fundi bomba haina gharama.

Hesabu aliyoifanya uvunguni ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonigeuza. Unaweza kumwuliza ilikuwaje kwa sauti ya asali, ukakaa naye benchi moja, ukajua jina la mdogo wake, na bado daftari la makato linasema usithubutu kuniambia.

Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakakishika kifungu hicho kuwakabili mameneja wao. Naamini wengi wa mameneja wale hawakujiona waonevu. Uonevu mara nyingi hauko kwenye ulimi, uko kwenye utaratibu uliokutwa.

Ipo njia ya kati, na ni ya haki kwa pande zote. Hasara iliyosemwa kabla gari halijatoka getini, gereji inabeba, na kijana anatengeneza yeye mwenyewe akisimamiwa. Hasara iliyofichwa inazungumzwa tofauti. Aliyerudia kosa lilelile mara ya tatu baada ya kuonyeshwa, huyo arudishwe kazi nyepesi kwa mwezi mmoja, na aambiwe wazi sababu yake. Kiwango cha kazi hakishuki hata kidogo. Uzi ni uzi. Kinachoshuka ni bei ya kusema.

Wazee wetu walilijua hili upande wa wanawake. Mwali alipewa somo, yaani mwanamke wa kumfunda, na somo huyo hakuwa mama yake. Yapo maneno yasiyosemeka kwa mtu mwenye mamlaka ya kukuadhibu, hata akupende vipi. Gereji inaweza kuwa na somo wake: kijana mkubwa kidogo, asiyelipa wala kukata, ambaye mdogo anaweza kumnong'oneza "njoo uangalie hapa" kabla fundi hajaitwa.

Spana namba 10

Ukianza leo, wiki ya kwanza utajibiwa "hakuna". Ya pili pia. Usishangae wala usiwahutubie kuhusu uwazi. Wamesikia hotuba nyingi.

Habari ya kwanza itakapokuja itakuwa ndogo, karibu ya kipuuzi, na italetwa na yule asiyetarajiwa, wakati mbaya, labda una mteja mbele yako na simu inaita. Atasimama hatua mbili mbali, tambara mkononi, akiangalia miguu yako.

"Fundi, spana namba 10 haionekani."

Wenzake watano uvunguni wataacha kugonga ili wasikie.